Pesa ya Shaba: Jinsi ya Kutambua Sarafu Bandia Kwenye Minada ya Mtandaoni Kabla Hujatuma Pesa

Neno "pesa" unalotumia kila siku ukituma, ukipokea au ukitoa kwa wakala lilianza kama jina la sarafu. Limetokana na neno la Kihindi "paisa", na paisa yenyewe ilikuwa kipande cha shaba, ukubwa wake karibu sawa na sarafu yetu ya shilingi 20. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walikuja nazo pwani yetu, zikatumika Mombasa, Lamu, Zanzibar na Bagamoyo, na hatimaye jina la sarafu moja likawa jina la pesa zote.

Leo sarafu hizo zimerudi sokoni kwa njia nyingine. Utaziona kwenye minada ya mtandaoni, kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook, na kwenye tovuti kubwa kama eBay. Mtu anaweka picha, anaandika "sarafu ya kale, adimu sana", watu wanaweka dau, na mshindi anaombwa kulipa kwa simu chap chap. Hapo ndipo sisi tunapoingia, kwa sababu pesa uliyoweka dau ni ile iliyo kwenye akaunti yako.

Jambo la kwanza kuelewa ni hili: pesa yako inafika kwa muuzaji ndani ya sekunde chache, lakini sarafu inafika kwako baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo, muuzaji ana pesa na sarafu, na wewe una picha tu. Kwa hivyo mpangilio ni wa maana: kwanza kagua sarafu, kisha kagua muuzaji, halafu ndiyo ulipe. Matapeli hufanya kila wawezalo ugeuze mpangilio huo.

Katika somo la leo tunakufundisha mambo matatu: sarafu halali za shaba za pwani zinafanana vipi, bandia hutengenezwaje, na namna ya kulipa bila kuchomeka.

1. Zijue sarafu zenyewe

Huwezi kutambua bandia kama hujui halali ikoje. Hizi hapa sarafu nne za shaba ambazo huonekana sana kwenye minada inayohusu pwani ya Afrika Mashariki:

*Robo anna ya Kampuni ya India Mashariki.* Iliyo maarufu zaidi ni ya mwaka 1835, halafu za 1857 na 1858. Upande mmoja una nembo ya Kampuni yenye simba, na upande wa pili una jina la Kampuni na thamani ya sarafu iliyozungukwa na shada la majani. Sarafu 64 kama hii zilikuwa rupia moja.

*Paisa ya Zanzibar.* Ilitolewa na Sultani Barghash bin Said. Ina maandishi ya Kiarabu na picha ya mizani, na mwaka wa Hijria 1299, yaani karibu 1882. Baadaye ilitolewa tena na mwaka 1304.

*Paisa ya Mombasa.* Ilitolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyotawala pwani yetu kabla ya serikali ya Uingereza kuchukua. Ina jina Mombasa, mwaka 1888, picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1306.

*Pesa ya Kijerumani.* Hii ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kule ambako leo ni Tanzania bara. Upande mmoja una tai na jina la Kampuni kwa Kijerumani, upande mwingine una maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani. Zilitolewa miaka ya 1890, 1891 na 1892.

Sasa angalia jambo la kukusaidia sana: sarafu hizi zote nne zilifuata kipimo kimoja cha kibiashara. Kila moja ina uzito wa karibu gramu 6.5 na upana wa karibu milimita 25. Robo anna kwa mfano iliwekewa uzito rasmi wa gramu 6.48. Ukikumbuka namba mbili tu, 6.5 na 25, tayari umeshika silaha.

Namba nyingine za kukagua ni miaka. Pesa ya Kijerumani ina mwaka wa Kizungu upande mmoja na mwaka wa Hijria upande wa pili. Miaka hiyo lazima ilingane: 1890 na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Vilevile Mombasa ni 1888 na 1306. Mtu asiyesoma tarakimu za Kiarabu anaweza kutengeneza bandia yenye miaka isiyopatana bila kujua. Jifunze tarakimu hizo kumi, ni kazi ya jioni moja.

2. "Ya kale" haimaanishi "adimu"

Wauzaji wengi hutegemea neno moja: kale. "Hii ni ya 1892, ina zaidi ya miaka mia moja, kwa hivyo ni laki." Sivyo. Bei ya sarafu haitokani na umri peke yake. Inategemea zilitengenezwa ngapi, zimebaki ngapi, ziko katika hali gani na ni wangapi wanaozitafuta.

Pesa za Kijerumani za 1891 na 1892 zilitengenezwa kwa mamilioni. Robo anna nazo zilitengenezwa kwa mamilioni mengi. Ndiyo maana nyingi zipo hadi leo, zimesuguliwa na mikono ya watu, na kwa hali ya kawaida bei yake si ya kutisha. Sarafu ileile ikiwa haijatumika kabisa, bado ina mng'ao wake wa kwanza, bei hupanda sana. Tofauti hiyo kati ya sarafu iliyochakaa na iliyo safi ndiyo inamvutia mwenye kutengeneza bandia.

Kabla ya kuweka dau, tafuta sarafu ya aina hiyohiyo ambayo mnada wake umeshaisha. Angalia bei iliyolipwa, usiangalie bei iliyotajwa. Mtu yeyote anaweza kutaja milioni. Swali ni nani alilipa.

3. Sarafu ambayo haikuwahi kuwepo

Kuna aina ya bandia ambayo haiigi sarafu yoyote halali. Imebuniwa tu. Hizi ni hatari kwa sababu ukitafuta ya kulinganisha nayo huipati, na muuzaji anakuambia: "Unaona? Ni adimu mpaka haimo kwenye vitabu."

Mfano unaojulikana sana ni vipande vya shaba vyenye jina la Kampuni ya India Mashariki, miaka kama 1616, 1717 au 1818, picha za miungu ya Kihindu kama Hanuman, na maandishi "UKL ONE ANNA". Wataalamu wa sarafu huviita vipande vya hekalu. Havikuwahi kuwa pesa. Mpango wa sarafu za pamoja za Kampuni kwa maeneo yake yote ya India ulianza mwaka 1835. Kabla ya hapo, Bengal, Madras na Bombay kila moja ilikuwa na sarafu zake. Na Kampuni haikuwa na anna moja ya shaba.

Vipande hivi huandamana na hadithi. Kule India kuna utapeli wa miaka mingi ambapo mnunuzi anaambiwa sarafu fulani ya shaba ina nguvu za ajabu na "inavuta mchele". Wanakuonyesha punje zikisogea, na unaambiwa kuna kampuni ya ng'ambo itainunua kwa mamilioni. Shaba haivuti mchele. Shaba haivuti hata sumaku. Ukisikia hadithi ya namna hiyo, funga simu.

4. Bandia hutengenezwa vipi

Ukijua namna ya utengenezaji utajua alama za kutafuta. Sarafu halali ilifuliwa: kipande cha shaba kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kugongwa kwa nguvu kubwa na mashine. Ndiyo maana herufi zake zina kingo kali na uso wake ni laini.

*Bandia ya kumimina.* Mtu anachukua sarafu halali, anatengeneza kalibu, kisha anamimina madini yaliyoyeyushwa. Alama zake: vitundu vidogo kama vya mkate, herufi zilizovimba na kulegea kama sabuni iliyotumika, na mstari unaozunguka ukingo mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Mara nyingi uzito nao haufiki.

*Bandia ya kugongwa.* Hii ni ngumu zaidi. Mtengenezaji ananakili sarafu halali kwenye muhuri mpya wa chuma, halafu anagonga sarafu nyingi. Herufi huwa nzuri. Lakini kuna kosa lake moja: kama sarafu ya mama ilikuwa na mkwaruzo au bonyeo, bandia zote zitazaliwa na jeraha hilohilo, mahali palepale. Sarafu mbili zilizopita mikononi mwa watu tofauti kwa miaka mia haziwezi kuwa na kovu moja. Hapa tofautisha: mstari *uliotuna* juu ya sarafu unaweza kuwa ufa wa muhuri halali, na huo huonekana kwenye sarafu nyingi halali. Bonyeo lililo*zama* ndani ndilo halipaswi kujirudia.

*Bandia ya kubadilisha.* Sarafu yenyewe ni halali lakini namba moja imechongwa ili ionekane ya mwaka adimu. Kule Marekani, senti ya shaba ya 1799 ni adimu, kwa hivyo watu wamekuwa wakichonga senti za 1798. Kagua kila namba ya mwaka kwa kioo cha kukuza: je, rangi ya shaba kuzunguka namba hiyo ni tofauti? Je, kuna mikwaruzo midogo hapo tu?

*Bandia ya kupakwa.* Ndani ni chuma au zinki, nje ni ngozi nyembamba ya shaba. Hii ndiyo rahisi kuikamata, tutaona jinsi.

*Nakala iliyofutwa alama.* Marekani ina sheria tangu 1973 inayotaka nakala za sarafu ziandikwe neno la kuonyesha kwamba ni nakala. Matapeli hulisaga neno hilo. Ukiona eneo dogo kwenye sarafu limesuguliwa huku kwingine kote ni sawa, jiulize kulikuwa na nini hapo.

5. Kabla ya kuweka dau: omba vitu vitano

Usimwogope muuzaji. Muuzaji mwaminifu huzoea kuulizwa. Mwandikie kwa upole: "Habari ya leo. Naomba unisaidie na picha hizi kabla sijaweka dau." Kisha omba:

1. Picha ya pande zote mbili, kwenye mwanga wa mchana, bila kuchujwa rangi.
2. Picha ya ukingo. Wengi hawaipigi, na ndiko mstari wa kalibu unakojificha.
3. Picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani ndogo ya kidijitali, namba ikionekana.
4. Picha ya sarafu kando ya rula.
5. Picha ya sarafu kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo na jina lako la mnada.

Ya tano ni ya maana sana. Matapeli wengi hawana sarafu yoyote; wana picha waliyoiba kwa mtu mwingine. Karatasi yenye jina lako hawawezi kuiiba. Pia tumia huduma ya kutafuta kwa picha kwenye mtandao. Ukikuta picha ileile kwenye mnada wa nchi nyingine miaka miwili iliyopita, umepata jibu.

Ukiwa kwenye kutafuta, linganisha na sarafu nyingine za muuzaji huyohuyo. Ana pesa tano za 1890 "zilizopatikana kwa babu", zote zikiwa na bonyeo moja juu ya bawa la tai? Achana naye.

Kama sarafu iko ndani ya kasha la plastiki la kampuni ya kupima ubora, kama PCGS au NGC za Marekani, usidhani mambo yameisha. Makasha yenyewe hughushiwa. Kampuni hizi zina ukurasa wa kuthibitisha namba ya cheti. Ingiza namba, kisha ulinganishe picha yao na sarafu unayouziwa, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Namba ya kweli inaweza kubandikwa kwenye sarafu ya uongo.

Na rangi je? Shaba ya miaka mia huwa ya kahawia, wakati mwingine na ukijani kidogo kwenye mashimo ya herufi. Shaba nyekundu inayong'aa kama waya mpya, kwenye sarafu ambayo herufi zake zimechakaa, ni dalili ya kusafishwa kwa dawa au kutengenezwa juzi. Sarafu iliyosafishwa inaweza kuwa halali, lakini bei yake hushuka. Kwa sababu hiyo, ukiwa na sarafu za nyumbani, usizisugue kwa majivu wala ndimu.

6. Ikishafika: vipimo vinne vya nyumbani

*Sumaku.* Shaba haivutwi na sumaku. Ikinasa, ndani kuna chuma, na habari imeisha. Lakini isiponasa haimaanishi ni halali, kwa sababu zinki na shaba ya njano nazo hazinasi.

*Uzito.* Tumia mizani ya sonara au mizani ndogo inayopima sehemu ya mia ya gramu. Sarafu iliyochakaa hupoteza uzito kidogo, kwa hivyo gramu 6.2 si kosa. Lakini ikiwa imepungua zaidi ya gramu moja na herufi bado ziko wazi, hiyo si kuchakaa.

*Upana.* Pima kwa rula. Bandia ya kumimina inaweza kuwa ndogo kidogo kwa sababu madini hunywea yakipoa.

*Kipimo cha maji.* Hiki ndicho bora zaidi na hakiharibu sarafu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Soma namba. Sasa gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo.

Kwa mfano, sarafu kavu ni gramu 6.48 na mizani ikasoma 0.73 ikiwa majini. 6.48 gawa kwa 0.73 ni karibu 8.9. Hiyo ni shaba, kwa sababu shaba safi ni 8.96. Kama mizani ingesoma 0.91, jibu lingekuwa karibu 7.1, na hiyo ni zinki iliyopakwa rangi. Chuma ni karibu 7.9 na risasi ni 11.3. Watengenezaji wanaweza kuiga sura na hata uzito, lakini ni vigumu kuiga uzito na ukubwa kwa pamoja kwa madini mengine.

7. Kulipa bila kuchomeka

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye malipo.

*Lipa ndani ya mnada.* Kama tovuti ina njia yake ya malipo na ulinzi wa mnunuzi, itumie hiyo. Muuzaji akikuambia "tutoke nje, nitakupunguzia Ksh 2,000, nitumie kwa namba yangu", anakuuzia ulinzi wako kwa elfu mbili. Ukilipa nje, tovuti haitakusaidia.

*Kama ni kundi la WhatsApp au Facebook, kutaneni.* Mahali pa watu wengi, mchana, na wewe ukiwa na sumaku na mizani yako. Kagua kwanza, lipa kwa simu mkiwa pamoja. Kama yuko kaunti nyingine, mtumie mtu unayemwamini akague.

*Soma jina kabla ya kuthibitisha.* Jina linaloonekana kwenye simu yako ndilo la mpokeaji. Kama uliambiwa duka fulani na linaonekana jina la mtu mwingine kabisa, simama. "Ni namba ya shemeji yangu" si jibu.

*Till au Paybill haithibitishi sarafu.* Inakuonyesha tu pesa inaenda kwa biashara gani. Bandia huuzwa hata dukani.

*Jihadhari na haraka.* "Kuna mwingine amepanda dau, lipa ndani ya dakika kumi." Kwenye makundi, huyo mwingine mara nyingi ni rafiki ya muuzaji, kazi yake ni kupandisha bei. Amua kiwango chako kabla ya mnada kuanza, kiandike, na usikivuke.

*Jihadhari na "nafasi ya pili".* Umeshindwa mnada, kisha unapata ujumbe: "Mshindi ameghairi, chukua kwa bei yako, lipa hapa." Rudi kwenye tovuti yenyewe uulize. Usilipe kupitia kiungo ulichotumiwa.

8. Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Utapeli huu una upande wa pili, na huu huwapata sana wazee wetu. Mtu anaona tangazo: "Tunanunua sarafu za zamani kwa laki tano." Anatuma picha ya paisa aliyoachiwa na mama yake. Anajibiwa kwa heshima nyingi kwamba ni adimu, pesa ziko tayari, ila atume kwanza Ksh 3,000 za usajili. Baadaye Ksh 7,000 za kodi. Baadaye za "cheti". Pesa ya kuuza haifiki kamwe. Mwaka 2021 Benki Kuu ya India ilitoa onyo kwa wananchi kwa sababu matapeli walikuwa wakitumia jina lake kutoza ada namna hiyo kwa wenye noti na sarafu kuukuu. Kanuni ni moja: anayenunua ndiye anayelipa. Mnunuzi akikuomba pesa, si mnunuzi.

Na kabla ya kumkabidhi mtu sarafu yako, angalia salio lako mwenyewe kwenye simu. Usitegemee SMS aliyokuonyesha wala ile iliyoingia kutoka namba ya kawaida. Akisema ametuma nyingi kimakosa na anataka urudishe, usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio na kutupigia. PIN yako usimpe mtu, hata akisema anatoka kwetu.

Tafadhali wasomee mama na baba sehemu hii. Wao ndio wenye sarafu, na wao ndio wanaopigiwa simu.

9. Usisahau sheria

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa mambo ya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Hesabu mwenyewe: paisa ya Mombasa ni ya 1888. Kabla ya kumtumia mnunuzi wa ng'ambo, uliza Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Kuwa mwangalifu zaidi na sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa. Hizi ni za karne nyingi nyuma, zina majina ya watawala kama Ali bin al-Hasan na Sulaiman bin al-Hasan, na hazina mwaka. Kwa wanahistoria, mahali ilipookotwa ni nusu ya thamani yake: sarafu za Kilwa zilizopatikana Great Zimbabwe, na hata visiwa vya Wessel huko Australia, zimeeleza mengi kuhusu biashara ya Waswahili. Ikichimbuliwa na kuuzwa mnadani, habari hiyo inapotea. Kwa mnunuzi, chaguo ni mawili tu: ama ni bandia, ama huenda imetolewa kwenye magofu kinyume cha sheria. Yote mawili ni hasara.

10. Jipime

Soma matangazo haya matatu, uamue kabla ya kusoma majibu.

*A.* "Anna moja ya 1818, UKL, ina Hanuman, inavuta mchele. Ksh 250,000, nusu sasa."

*B.* "Pesa ya Kijerumani 1891, safi kabisa." Picha ya mizani inasoma gramu 4.6, na ukingo una mstari.

*C.* "Paisa ya Mombasa 1888, imechakaa, rangi ya kahawia." Mizani inasoma 6.3, picha zote tano zimetumwa, bei ni ya kawaida, na muuzaji anasema njoo uione Mombasa mjini.

Majibu: A ni kipande kilichobuniwa na hadithi ya utapeli, usimjibu. B ni ya kumimina. Uzito na ukingo vimesema. C haina dalili mbaya. Nenda na sumaku yako, ikague, kisha ulipe. Na ukiinunua, ibaki nchini.

Kama tayari umetuma

Usikae na aibu. Tupigie mara moja ukiwa na nambari ya muamala, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa, hakuna kitu kilichobaki kwenye akaunti yake cha kuzuia. Hifadhi mazungumzo, picha na namba zote. Usifute kwa hasira. Kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Kama ulilipa ndani ya tovuti ya mnada, fungua malalamiko huko siku hiyohiyo, maana muda wa kulalamika una mwisho.

Mtumie rafiki yako somo hili, hasa yule anayependa vitu vya kale. Na kesho ukiweka dau, kumbuka zile namba mbili: gramu 6.5, milimita 25.